Kanda ya Pumzi

Siku ya tatu baada ya maziko tulirudi studio, kule Hisingen,
watu sita na ufunguo mmoja.
Theluji ilikuwa imepanda mlango hadi kwenye kitasa.
Torgny akaifukua kwa mfuniko wa sanduku la gitaa,
huku akitukana taratibu, kama mtu anayesali.

Ndani, harufu ileile:
vumbi lililoungua juu ya vikuza sauti,
na kahawa ya jana,
ingawa jana hiyo sasa ina miaka kumi na mmoja.

Kila mmoja alikuja na Tyra wake.

Bengt-Åke wa kampuni ya santuri alisema yeye ndiye aliyemgundua.
Tukanyamaza. Maiti haulizwi sanda,
wala haulizwi nani alimgundua.
Lakini sote tunajua kanda ya kwanza ya Tyra
aliitumia majira mazima ya baridi
kama kabari ya dirisha lililokuwa likigongagonga.

Rakel, aliyeimba nyuma yake miaka kumi na minne, akasema:
"Alinifunza kuingia nusu pigo baada yake,
ili watu wasinisikie mimi,
ila wadhani yeye ni wengi."
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Nilipojifungua alikuja wodini na kofia aliyoifuma mwenyewe.
Ilikuwa na sikio moja tu. Mwanangu anayo hadi leo."

Alikunywa nini kabla ya kurekodi?
Maji ya moto na asali, akasema Torgny.
Bia vuguvugu, akasema Sixten mpiga ngoma.
Evert, dereva, akatikisa kichwa: si hili wala lile,
alikuwa akimumunya kokwa ya plamu, ileile, wiki nzima.
Tulibishana robo saa, kwa hasira ya kweli,
kana kwamba atakayeshinda
atarudishiwa.

Sixten alitoa postikadi mfukoni, imechakaa pembe zote.
Mjini Malmö Tyra alimrushia vipokea sauti usoni,
mbele ya wapiga fidla ishirini, akimwita kiziwi.
Miaka sita baadaye iliandikwa hivi:
*Ngoma ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekimbia.*
Hapakuwa na salamu, wala sahihi.

Zamu yangu ikafika, na mimi si msemaji.

Kazi yangu ilikuwa kukata.
Miaka ile tulihariri kwa wembe, na mkono usiotetemeka.
Kabla ya kila mstari Tyra alivuta pumzi,
kubwa, ya kukwaruza,
ya mtu aliyeibuka majini akiwa hakutarajia kuibuka.
Kampuni ilisema: ondoa, inachafua wimbo.
Nikaondoa. Vipande vikaanguka sakafuni,
vya rangi ya hudhurungi, urefu wa kidole.

Usiku mmoja alinikuta nikivifagia.
Akachutama, akaokota kimoja,
akakisogeza sikioni, akasikiliza ukimya wake.
"Hivi ndivyo vyangu," akasema.
"Vile vingine mmeshaviuza."

Basi sikuvitupa.
Santuri tisa. Niliviunganisha kimoja kimoja kwa gundi nyeupe,
mke wangu akidhani ninatengeneza saa.

Jana niliifunga kanda ile kwenye mashine, nikabonyeza.
Dakika nne na ushei.
Hakuna neno. Hakuna piano.
Ni kuvuta tu, kuvuta, kuvuta,
kifua kinajaa na hakitui,
kwani kutoa kwake kote
kuliishia kwenye nyimbo, na nyimbo ziko kila nyumba.

Torgny aligeukia ukuta.
Rakel, bila kujijua, naye akavuta,
nusu pigo baada yake.

Kanda ikaisha. Mkia wake ukabaki ukipigapiga mashine,
tap, tap,
na hakuna aliyenyanyuka kuizima.

Bengt-Åke alikuwa amevua kofia.
Baada ya muda akauliza, kwa sauti ndogo sana,
haki za hii zitakuwa za nani.

Evert akasema anakwenda kulipasha gari moto.